Udongo Wenye Joto Nyuma ya Nyumba

Tuliporudi kijijini kwetu Kalembe, nyumba yetu ilikuwa bado imesimama, lakini haikuwa na mlango wala madirisha, na mabati ya upande wa jikoni yalikuwa yameng'olewa. Hilo tulilitarajia. Waliotangulia kurudi walikuwa wametuambia tusitegemee kukuta kitu, na njia yote kutoka Sake, tulikokuwa tumekimbilia wakati wa vita, mizigo mgongoni, nilikuwa najizoeza kuiwaza nyumba ile kama ya mtu mwingine ili nisije nikalia mbele ya watoto. Nisichokitarajia kilikuwa nyuma.

Bustani ilikuwa imelimwa.

Nieleze kwanza ilivyokuwa kabla hatujakimbia. Nyuma ya nyumba kilima kinateremka kuelekea kijito, na udongo wake ni mwekundu, mgumu wakati wa jua na wa kuteleza wakati wa mvua. Tangu niolewe hapo nilipanda mboga zangu kwenye mteremko huo, na kila msimu zilikuwa zinapungua. Mvua kubwa zilichukua udongo wa juu na kuushusha kijitoni. Ukisimama chini baada ya mvua uliona maji yanapita mekundu kama mawese. Mashu, kabichi kama wengine wanavyoziita, yalifunga vichwa vidogo kama ngumi ya mtoto. Lenga-lenga, yaani mchicha, ilitoa maua kabla haijafika gotini, na majani yake yalikuwa ya njano. Nilifikiri ni mkono wangu mbaya. Mama mkwe wangu, tuliyeishi naye nyumba moja, alikuwa akisema ardhi ile imezeeka kama yeye na inataka kuachwa ikae. Lakini hatukuwa na nyingine karibu na nyumba, kwa hiyo niliendelea kuikwaruza.

Sasa nilisimama kwenye kona ya nyumba na sikuutambua mteremko wangu. Mtu alikuwa ameukata kwa mifereji ya kulala, kufuata ubavu wa kilima, na pembeni ya kila mfereji alikuwa amepanda mistari ya matete. Kati ya mistari kulikuwa na mboga. Na katikati ya bustani, karibu na ukuta wa jikoni, kulikuwa na tuta moja lililoinuka kuliko mengine, refu kupita mtu aliyelala na pana kupita kitanda. Udongo wake ulikuwa mweusi. Mashu yaliyoota juu yake yalikuwa makubwa kiasi kwamba majani ya moja yalilala juu ya mwenzake, na yalikuwa na ile rangi ya kijani inayokaribia bluu. Hakukuwa na hata tundu moja la mdudu.

Mume wangu alitua mzigo wake polepole. "Ni nani alilima hapa?" akauliza, kana kwamba mimi ndiye wa kujibu.

Alizunguka kwa majirani waliokuwa wamerudi. Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa familia ya wafugaji, ambaye kabla ya vita alikuwa akituuzia maziwa, na ambaye boma lake liko juu kidogo ya kwetu. Alikuja mwenyewe kutazama. Alisimama akishika kitenge chake mdomoni.

"Papa, shiye pia tulikimbiaka," alimwambia mume wangu. "Huku hakukubaki muntu. Hata imbwa haikubaki."

"Lakini hii kitu iko ya juzi. Angalia."

"Ninaona. Njo maana ninasema, hakukubaki muntu."

Aliondoka akipita mbali na lile tuta.

Asubuhi iliyofuata nilitoka mapema kuchuma kitu cha kupika. Kwetu ukungu hushuka asubuhi hadi kwenye kuta za nyumba, na baridi yake huingia hadi kwenye meno. Niliinama kwenye tuta jeusi ili nivute kitunguu kilichokuwa pembeni ya mashu, na vidole vyangu vikazama. Sikutumia nguvu. Vilizama kama kwenye unga uliopepetwa, hadi kifundo cha mkono. Na udongo ulikuwa na joto.

Halikuwa joto la jua, maana jua lilikuwa halijatoka. Lilikuwa kama lile unalolikuta kwenye kitanda mtu akiwa ametoka kuamka sasa hivi. Niliuchomoa mkono wangu. Kwenye udongo ulioushika mkono huo kulikuwa na nyuzi nyeupe, nyembamba kama mvi za mzee, na minyoo minene iliyojikunja na kujikunjua bila haraka. Nilinusa. Ilikuwa harufu ya mvua ya kwanza, na chini yake kulikuwa na harufu nyingine, ya utamu kidogo, ambayo sikutaka kuijua. Niliporudi nyuma nikaona kwamba pale nilipoutoa mkono palikuwa panatoka mvuke. Ulipanda taratibu, ukaingia kwenye ukungu na kupotea.

Labda mtu mwingine asingeogopa vile. Lakini mimi nilikuwa nimetoka Sake. Pale tulipopewa hifadhi palikuwa na bonde dogo karibu na mawe ya lava, ambako wenyeji walitukataza kabisa kuwaacha watoto wakae. Siku moja tulikuta mbuzi amelala humo, hana jeraha, macho yake wazi, na ndege kadhaa wamelala kumzunguka kana kwamba wamesinzia. Wenyeji walisema ni mazuku, hewa mbaya inayotoka ardhini. Tangu siku hiyo nilijua kwamba ardhi inaweza kumuua mtu bila kumgusa na bila kelele. Kwa hiyo nilipoiona ardhi ya nyumbani kwangu ikipumua, niliwaita watoto wote ndani na nikasimama mlangoni pasipo na mlango, nikilitazama tuta lile mpaka ukungu ukaondoka.

Nilimweleza mama mkwe. Alitoka na fimbo yake, akaweka kiganja juu ya udongo, akakaa hivyo kwa muda. Kisha alipangusa mkono wake kwenye nyasi, si kwenye nguo.

"Kitu iko mu hii udongo," alisema. "Udongo hainonaki bure. Umesahau vita ilipita hapa?"

"Mama, usiseme vile mbele ya batoto."

"Basi nisiseme. Lakini miye sitakula."

Wala hakula. Na baada ya kumwona yeye hali, sisi wengine pia tulishindwa. Nilijaribu mara moja kupika shu moja la pale. Lilikuwa zito mikononi kama mtoto aliyelala, na nilipolikata lilitoa sauti ya kupasuka, na maji yakatiririka kwenye kisu. Liliiva haraka, jikoni kukanukia vizuri. Tulikaa kuzunguka sahani na bugali ikapoa. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mwishowe mume wangu alimwaga sufuria nyuma ya ukuta, na kuku wa jirani wakaja kupigania.

Tukawa tunakula kutoka sehemu nyingine za bustani. Lenga-lenga za kwenye mistari ya chini, ambazo hazikuwa za kutisha. Na huko juu, chini ya muavoka, mti wetu wa parachichi, kulikuwa na mboga ya maboga iliyotambaa na kufunika sehemu yote ile kwa majani mapana. Pale hapakuwa na tuta wala joto, kwa hiyo tulichuma majani yake na maboga yake kwa raha. Yalikuwa matamu. Watoto waliyapenda kuliko kila kitu.

Kilichofuata ni magugu.

Wiki za kwanza tulikuwa na kazi ya kuziba nyumba: mlango wa mbao, turubai upande wa jikoni. Sikuwa na nafasi ya kupalilia. Lakini bustani haikuingia magugu. Asubuhi moja nilipita kati ya mashu na kukuta magugu yameng'olewa na kulazwa juu ya udongo, mizizi ikitazama juu, yamepangwa sawasawa kama samaki wanaoanikwa. Mizizi ilikuwa bado na umande. Nilidhani ni mume wangu. Jioni nilimshukuru, naye akanitazama. Alidhani ni mimi. Tulimuuliza mama mkwe, ambaye hata kuinama hawezi. Alifumba macho.

"Mwenye bustani iko," alisema. "Shiye njo wageni."

Ilitokea tena, na tena. Hatukusikia hatua wala mlango wa uzio. Tulikuwa tukitoka tu na kukuta kazi imefanywa, mara huku, mara kule, na kila mara mizizi juu. Nilianza kuamka na kutazama kwanza kupitia upenyo wa turubai kabla ya kutoka. Niliona ukungu tu, na majani yakidondosha maji. Mchana, nilipokuwa nikifua kijitoni na mgongo wangu ukiwa upande wa bustani, nilihisi mtu amesimama juu yangu. Nikigeuka, nilikuta matete yakitikisika, na sikuweza kujua kama ni upepo.

Habari zilienea. Kalembe si mahali pakubwa. Nilipopeleka mafungu ya puaro, vile vitunguu vya majani, na mashu barabarani siku ya soko, wanawake walinisalimu vizuri, wakauliza habari za watoto, wakainama kuyatazama yale mashu makubwa niliyoshindwa kuyala mwenyewe, kisha wakaenda kununua madogo ya mwingine. Mmoja, rafiki yangu wa kwaya, alinivuta pembeni.

"Dada, usichukie. Batu banasema udongo yenu inakula batu."

Sikuchukia. Ni jambo nililokuwa nikiliwaza mwenyewe kila nikipita pale. Tulikuwa tumewaacha watu njiani siku ile ya kukimbia. Kila familia ilikuwa na mtu ambaye haijui alilala wapi. Mtu yeyote angeweza kuwa pale. Nikifika karibu na tuta nilikuwa napunguza sauti yangu bila kujua.

Mwishowe mume wangu alimwita katekista wa parokia yetu. Alikuwa mtu mpole, mkulima kama sisi. Alisimama mbele ya tuta, akasali, akalinyunyizia maji ya baraka, kisha akasema jambo ambalo hatukulitegemea.

"Kusali njo hivi tumesali. Lakini kama iko muntu, anatakiwa kaburi na jina. Chimbeni. Nitakuwa pale."

Walichimba baada ya ibada ya Jumapili, jua likiwa juu. Mume wangu alishika beleshi. Katekista alisimama na kitabu chake. Mama wa maziwa alishuka kutoka kwenye boma lake na mume wake, kwa sababu walisema jambo kama hilo si la kuachia nyumba moja. Mimi nilisimama nyuma, nimemshika mama mkwe mkono.

Kwanza ilitoka safu ya udongo mweusi, laini, uliojaa minyoo. Chini yake majani ya migomba, yaliyoiva mpaka yakawa kama karatasi iliyolowa. Kisha majivu. Kisha samadi ya ng'ombe, ambayo haikuwa tena samadi, ilikuwa udongo unaobomoka mkononi. Kila beleshi lilipoingia mvuke ulitoka, na kila mara mama mkwe alinibana vidole. Kisha nyasi, kisha majivu tena. Mtu alikuwa amepanga vitu hivyo kwa subira, kama anayetandika kitanda. Halafu beleshi likagonga kitu na kutoa sauti kavu.

Mume wangu aliacha beleshi, akapiga magoti na kuondoa udongo kwa mikono. Ulikuwa mfupa, mweupe na msafi. Ubavu. Kisha mwingine, umepinda vilevile. Mmoja wa majirani waliokuwa wamejikusanya nyuma yangu alianza kulia. Katekista akafungua kitabu, akaanza sala ya wafu.

"Ngoja," alisema mama wa maziwa.

Alisogea, akashuka ndani ya shimo na kitenge chake kizuri cha Jumapili. Alifukua upande wa kichwa, akavuta, na likatoka fuvu refu lenye pembe mbili. Moja ilikuwa nzima. Ya pili ilikuwa imekatwa katikati kwa msumeno.

"Ni ngombe," alisema. "Ni ngombe yangu."

Mume wake alishuka pia, akaishika ile pembe. Yeye ndiye aliyeikata, kwa sababu ilikuwa ikikua kuelekea kwenye jicho. Walituambia kwamba wakati wa kukimbia walikuwa wamepoteza mifugo yote, na huyu, ambaye alikuwa na mimba kubwa, hawakuweza kumkimbiza. Walimwacha akiwa amelala njiani, juu ya nyumba yetu. Mama wa maziwa alikaa kwenye ukingo wa shimo, kichwa cha ng'ombe mapajani, akakipangusa udongo machoni. Wengine walianza kucheka kwa kupumua, kicheko cha watu waliotoka kwenye hatari. Mimi pia nilicheka.

Tulirudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Yeye ndiye aliyesema ng'ombe abaki pale pale. Jioni ile nilichuma shu kubwa kuliko yote, nikalipika na vitunguu vyake, na tukala, mimi, mume wangu na watoto. Sijawahi kula mboga tamu vile kutoka mkononi mwangu. Lakini mama mkwe alisukuma sahani.

"Mama, ni ngombe tu. Uliona kwa macho."

"Niliona," alisema. "Lakini ngombe haing'oake majani mabaya. Wala haitandike majivu."

Niliichukua sahani yake, nikaifunika na kuiweka pembeni.

Haikupita muda mrefu. Ilikuwa asubuhi, ukungu mzito kiasi kwamba muavoka ulionekana kama moshi. Nilitazama kupitia upenyo wa turubai kama kawaida yangu, na nikaona mgongo. Mtu alikuwa amechutama juu kabisa ya bustani, kwenye maboga, amejifunika nguo ya kijivu, na mkono wake mmoja ulikuwa unakwenda na kurudi, unang'oa, unalaza, unang'oa, unalaza. Hakuwa na haraka. Hakuna sauti yoyote iliyotoka.

Sijui kwa nini sikumwamsha mume wangu. Nilitoka peku. Udongo wa bustani ulikuwa laini chini ya nyayo zangu na haukutoa sauti. Nilipofika karibu nilitaka kusema jina la Yesu, lakini sauti iliyonitoka ilikuwa ya salamu ya kawaida.

"Jambo, Mama."

Alisimama ghafla. Alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi, mwembamba, miguu imejaa tope hadi magotini. Alikuwa anapumua. Mvuke ulikuwa unatoka mdomoni mwake kama unavyotoka kwangu.

"Dada, usiogope," alisema, na yeye mwenyewe alikuwa anatetemeka. "Siko mwizi. Sikuchuma hata jani moja. Minakuya tu kusafisha."

"Wewe njo ulilima hapa?"

"Ni miye."

Nilimpeleka jikoni kwa sababu sikujua la kufanya lingine. Niliwasha moto, na wengine wakaamka wakamkuta ameketi kwenye kigoda akishika kikombe cha chai kwa mikono yote miwili. Alitueleza. Alikuwa anatoka Ntoto, upande wa Walikale. Vita vilipofika kwao alikimbia kupitia msituni na mtoto wake mchanga mgongoni, akapotezana na mume wake, na alipotokea Kalembe alikuta kijiji hakina watu. Aliingia kwenye nyumba ambayo bado ilikuwa na paa, na hiyo ilikuwa yetu. Sisi tulikuwa tumekimbilia Sake tukidhani huku nyuma hakuna anayeweza kuishi, naye alikuwa amekimbilia hukuhuku.

"Ngombe ilikuwa imekufa karibu ya jikoni," alisema. "Ilishuka yenyewe, nafikiri ilitafuta maji. Ilianza kunuka. Sikuwa na nguvu ya kuikokota, na niliogopa harufu italeta batu. Basi niliifunika. Siku zote nilikuwa natafuta kitu ya kuweka juu yake. Mavi ya ngombe kwenye boma ya juu, majani, majivu, nyasi. Kwetu mama yangu alikuwa anafanyaka vile na takataka za shamba, anasema udongo inakula vile vile kama muntu, ukiinyima inakonda."

"Na mifereji?" mume wangu aliuliza.

"Mvua ilikuwa inachukua mbegu zangu. Nilichimba ili maji ilale. Sikuwa na kazi ingine, Papa. Niliogopa kutoka, na niliogopa kukaa tu."

Mashu na puaro alizipata kama miche kwenye bustani zilizoachwa na watu, mbegu nyingine alikuwa nazo kwenye fundo la kitenge. Alipoona watu wanaanza kurudi kijijini, aliogopa kukutwa ndani ya nyumba ya wengine, akahamia kwa familia moja ng'ambo ya kilima, iliyompa kazi ya kulima. Lakini alfajiri alikuwa anarudi.

Mama mkwe aliegemea mbele. "Mutoto iko wapi?"

Yule mwanamke alikiweka kikombe chini.

"Njo nilitaka kuwaambia. Lakini sikujua namna ya kusema. Nilisikia mulichimba pale ya ngombe, na niliogopa mutaendelea." Alinyoosha mkono kuelekea juu, kwenye muavoka. "Pale kwenye maboga, tafazali, musichimbe."

Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye turubai.

"Alikuwa na homa," alisema. "Maziwa yangu yalikauka. Nilimulaza pale kwa sababu iko juu, maji haifiki. Nilipanda maboga ili majani ifunike, imbwa isione, muntu asione."

Nilikumbuka sahani zetu. Nilikumbuka watoto wakipigania kipande cha mwisho. Nikaweka mkono mdomoni, na aliona, maana alinitazama mimi.

"Mulikula?" aliuliza.

Sikuweza kusema uongo. "Tulikula, dada. Majani na maboga. Hatukujua."

Alisukuma kuni ndani ya moto. Nilidhani atasimama aondoke, au atatulaani. "Miye nilishindwa kuyakula," alisema mwishowe. "Yalikuwa yanazaa sana, na mimi nilikuwa na njaa, na nilishindwa. Ni vizuri yamepata batu."

Mama mkwe alisimama kwa kujikokota, akatoka bila fimbo. Tulimwona kupitia mlango akienda kwenye tuta jeusi. Aliinama, yeye ambaye hawezi kuinama, akang'oa shu kwa mikono miwili, akarudi nalo limejaa umande, akaliweka mbele ya mgeni. Hakunikabidhi mimi. Alilikata yeye, akalipika yeye, akampakulia yule mwanamke, kisha akajipakulia mwenyewe na kula mpaka sahani ikawa tupu. Tangu turudi ilikuwa mara ya kwanza.

Siku hiyohiyo mume wangu alimwita tena katekista. Walisali chini ya muavoka, mama wa mtoto akiwa mbele, na safari hii kulikuwa na jina la kusemwa, ingawa silisemi hapa kwa sababu si langu. Tulizungushia mahali hapo mawe. Alipoulizwa kama angependa siku moja kumhamisha mtoto na kumpeleka Ntoto, alisema atafikiri. Alifikiri msimu mzima. Aliishi nasi wakati huo, akilala chumba kimoja na mama mkwe, na wawili hao walizungumza mpaka usingizi ukawachukua, kwa sauti ambazo sikujaribu kuzisikiliza. Mwisho alisema amwache pale alipo, amekwisha kuwa mwenyeji.

Alinionyesha namna ya kuilisha ardhi bila ng'ombe aliyekufa. Tulichimba matuta mengine kwenye udongo ule mwekundu, tukapanga majani ya migomba, samadi ya mama wa maziwa, majivu ya jikoni, matete yaliyokatwa, tukaacha viive. Mara ya kwanza nilipoingiza mkono na kukuta joto linaanza, nilishtuka na kuutoa. Yeye alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Ni kazi inafanyika," alisema. Msimu uliofuata lenga-lenga ilinifika kifuani, na mashu ya matuta mapya yalifunga vizuri, ingawa hayakuwa kama ya lile la kwanza. Rafiki yangu wa kwaya alikuja kuomba miche. Wengine walimfuata, wakiangalia kwanza kama hakuna anayewaona, kisha wakaacha kuangalia.

Nisiseme kwamba woga wangu umekwisha. Udongo ule ni wangu, unanilisha, na naujua ulivyotengenezwa, safu kwa safu. Hata hivyo kuna asubuhi ambazo natoka na ukungu umeshuka, na mvuke unapanda kutoka matuta yote, ya zamani na mapya, na nasimama kwanza kwenye kona ya nyumba mpaka nimesikia sauti ya mtu wa kwetu ndani. Nikipita chini ya muavoka napiga ishara ya msalaba. Maboga huota pale yenyewe kila msimu, hutambaa mpaka nje ya mawe na kushuka kuelekea jikoni. Hakuna anayeyakata, na hakuna anayeyala.

Mume wa yule mwanamke alipatikana hai, upande wa Walikale, na akaja kumchukua. Waliondoka pamoja kwa miguu. Mwanzo wa mvua hizi mwanamke yule alitutumia ujumbe kupitia dereva wa pikipiki: ameanza bustani kwake Ntoto, udongo ni mgumu, na anaomba mbegu za puaro. Nilizifunga kwenye kipande cha kitambaa na kumkabidhi yule dereva. Njia ya kule siku hizi hufunguliwa leo na kufungwa kesho, na bado sijasikia kama zimefika.